Kwa nini wazee wanaanguka: dawa zikikutana na balansi iliyochoka

Mzee akianguka ndani watu huwa na majibu mawili tu, "ni uzee" au "sakafu ilikuwa na maji". Sakafu sawa, inaweza kuhusika. Ila ukikaa naye ukamuuliza taratibu dakika ile alikuwa anafanya nini, mara nyingi utaambiwa ndio kwanza alikuwa anainuka kitandani, au kaitwa akageuka ghafla, au kaamka usiku anaenda chooni, na ukifungua droo yake unakuta dawa aina tano, sita, kila moja imeandikwa na daktari wake na siku yake.

Tuanze na balansi, maana wengi wanadhani ni miguu tu. Ili usimame wima ubongo unapokea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, halafu nyayo na viungo vinavyouambia ardhi iko wapi na mwili umelalia upande gani. Ubongo unazijumlisha, unaiamuru misuli irekebishe, yote kufumba na kufumbua. Kijana hata akifunga macho anasimama tu, zile mbili zilizobaki zinamtosha. Sasa chukua mzee ambaye sukari imeshaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, nyayo zina ganzi, hajui vizuri kama kakanyaga sakafu au zulia, na sikio la ndani nalo limechoka na umri. Mchana anatembea vizuri kabisa kwa sababu macho yanabeba kazi yote. Zima taa ndio utajua (usizime kweli jamani).

Sasa presha. Mtu akiinuka, damu kama nusu lita hadi lita nzima inashuka miguuni na tumboni, na kuna vihisio kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua vinavyoshtuka haraka na kuufanya moyo upige kasi na mishipa ibane, damu iendelee kufika kichwani. Kwa mzee hiyo kazi inafanyika polepole. Madaktari wanasema presha imeshuka kwa kusimama pale namba ya juu inapopungua kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Na hapa ndipo panaponiudhi: presha karibu kila mahali inapimwa mtu akiwa amekaa! Anaambiwa "iko vizuri mama, endelea na dawa", anainuka kwenye kiti macho yanaingia giza.

Dawa zinazochangia hilo ni zile za presha zenyewe, dawa za kukojoza kama furosemaidi, za tezi dume kama tamsulosini maana zinalegeza na mishipa ya damu, na baadhi za sonona. Sisemi watu waache dawa za presha, presha ikiachwa inaleta kiharusi. Nasema tu siku za kwanza za dawa mpya, au dozi ikipandishwa, mtu aangaliwe kwa karibu.

Kundi la pili linafanya kazi kichwani: diazepamu na za usingizi wenzake, amitriptilini ambayo wengi wanapewa kwa ajili ya maumivu ya ganzi, tramadoli ya maumivu makali, na ile klofeniramini ya mafua na mzio ambayo mtu anajinunulia tu bila kumuuliza yeyote. Zinaleta usingizi, zinachelewesha ule mguu unaotakiwa kuruka mbele kumdaka mtu akijikwaa. Diazepamu ndio kabisa, mwili wa mzee unachelewa kuitoa kuliko wa kijana, kwa hiyo kidonge cha jana hakijaisha na cha leo kinakaa juu yake.

Angalia usiku mmoja. Jioni kanywa dawa ya kukojoza, saa nne usiku kanywa ya usingizi. Saa nane kibofu kimejaa, kinamwamsha, huku dawa nyingine bado inamwambia lala. Anainuka haraka asije akajilowesha, presha inashuka, taa imezimwa kwa hiyo macho hayamsaidii, nyayo hazina habari, kichwa kizito. Hatua tatu tu. Hapo hakuna dawa hata moja iliyoandikwa kimakosa! Ila hakuna aliyeziangalia zote pamoja, na pengine ile ya kukojoza ingehamishiwa asubuhi tu mambo yangekuwa tofauti.

Kuna na hili la dawa kutibu dawa. Mzee anasema ana kizunguzungu, anapewa sinarizini, ambayo nayo inaleta usingizi, na ikitumika muda mrefu kwa wazee inaweza kuleta kutetemeka na kutembea kwa kuburuza miguu, halafu hiyo nayo inatafutiwa dawa yake. Wakati mwingine kizunguzungu chenyewe kilikuwa kile cha kugeuka kitandani dunia ikazunguka kwa sekunde chache ikatulia, yaani vichembe vya chokaa vya sikio la ndani vimehama sehemu yake, na hicho kinatibiwa na mtaalamu kwa kukigeuzageuza kichwa hatua kwa hatua, bila kidonge.

Sukari ikishuka kwa sababu ya insulini au glibenklamidi pia inaangusha, hasa mzee akinywa dawa akaruka mlo.

Ukitaka kusaidia, kusanya zote kwenye mfuko mmoja, na za kujinunulia na za mitishamba, peleka kwa daktari au mfamasia uulize ipi bado ina kazi, na omba presha ipimwe akiwa amekaa kisha amesimama. Usimwachishe mwenyewe, hasa diazepamu, ikikatwa ghafla kwa mtu aliyeizoea inaweza kuleta degedege. Kabla ya kusimama akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo kidogo. Na kuna kipimo rahisi: ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi akae. Ikimchukua sekunde 12 au zaidi, mpeleke akaangaliwe hata kama hajawahi kuanguka.

Halafu kama anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda na akagonga kichwa, hospitali siku hiyohiyo, hata kama anacheka na kukwambia hajaumia, kwa sababu damu inaweza kuvuja ndani polepole na dalili zikaja baadaye.