Umepigwa kalamu kwa maneno uliyosema kazini? Soma hii kabla hujasaini kitu

Kwenye dawati letu la msaada wa sheria za kazi, watu waliofukuzwa sababu ya maneno wanakuja kila mara, na wengi wanaanza na hoja ileile, kwamba nina uhuru wa kusema na katiba inanilinda. Hasira yao naielewa kabisa, mtu kafanya kazi miaka na miaka, siku moja katoa neno kwenye korido au kwenye grupu la WhatsApp, kesho yake kamwaga unga. Ila tuambizane ukweli mapema, hiyo hoja ya katiba mara nyingi ndo dhaifu kuliko zote ulizonazo, na ile yenye nguvu umeiacha nyumbani kwenye droo pamoja na barua waliyokupa.

Uhuru wa kujieleza kwenye katiba nyingi umewekwa kwanza kabisa ili serikali isikuzibe mdomo. Marekani inaonyesha hili waziwazi, marekebisho ya kwanza ya katiba yao yanaibana serikali, hayambani mwenye kampuni, na juu ya hapo karibu majimbo yote bosi anaweza kukuachisha bila kutoa sababu, mradi tu nyuma yake isiwepo sababu iliyokatazwa na sheria kama rangi, dini au ujauzito. Montana peke yake ndo ina sheria, tangu 1987, inayomtaka mwajiri awe na sababu ya msingi mtu akishamaliza muda wa majaribio.

Nchi nyingi zimeshika njia nyingine kabisa, na hii ndo inayotakiwa kukupa nguvu. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 unasema mfanyakazi haachishwi kazi bila sababu halali inayohusu uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya shughuli yenyewe, na ibara ya 7 inasema kama tuhuma ni za mwenendo au utendaji basi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kumtarajia mwajiri afanye hivyo. Sio nchi zote zimeuridhia ila ukisoma sheria za kazi za nchi nyingi utaona mawazo haya yapo, sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Chukua Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 44 kinataja kabisa lugha ya matusi kwa mwajiri au msimamizi kuwa ni kosa zito linaloweza kukufukuzisha papo hapo. Watu wakifika hapo wanakata tamaa wanafunga kitabu. Lakini kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinasema hata kwa kosa la namna hiyo lazima mwajiri akusikilize kwanza, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na uwe na haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe. Na kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu.

Sasa turudi kwenye ile barua ya droo. Nyingi tunazoletewa zimeandikwa hivi, "ulitoa matamshi yasiyofaa dhidi ya uongozi", basi, imeisha. Hamna maneno yenyewe, hamna tarehe, hamna aliyesikia, na imeletwa saa kumi jioni wakati kikao cha nidhamu ni kesho saa tatu asubuhi. Mtu anaingia kwenye kikao anajitetea kwa kitu asichokijua, anaanza kubahatisha, mara anakiri maneno ambayo hata hayakuwa kwenye tuhuma. Usifanye hivyo. Jibu kwa maandishi siku hiyohiyo, kwa adabu, omba wakuandikie maneno kamili wanayodai ulisema, ulisema lini, wapi, mbele ya nani, na omba muda wa kujiandaa. Kama ushahidi ni skrinshoti omba mazungumzo yote kuanzia juu, maana mara nyingi kipande kilichokatwa ndo kile ambacho bosi mwenyewe alikuwa anaomba watu watoe maoni "bila woga". Wakikataa kukupa, hilo kataa lao nalo ni ushahidi, litunze.

Kwa nini nakomalia maneno kamili na mahali? Kwa sababu neno lilelile linaweza kukuponza sehemu moja na kukuokoa sehemu nyingine. Kuna kesi maarufu ya Marekani. Machi 1981 Rais Ronald Reagan alipigwa risasi akanusurika, na karani mmoja kijana kwenye ofisi ya konstebo (afisa wa usalama wa kaunti) huko Texas akawa anaongea na mwenzake kuhusu jinsi serikali inavyokata misaada ya watu maskini, akamalizia kwa kusema wakimwendea tena basi anatumaini watampata. Mtu mwingine akasikia, akapeleka kwa bosi, yule dada akafukuzwa. Ni maneno mabaya, hamna anayebisha. Lakini mwaka 1987 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba kumfukuza haikuwa halali. Kilichowashawishi majaji sio kwamba maneno yalikuwa mazuri, waliangalia kwamba aliyasema kwenye maongezi ya faragha na mwenzake, kwamba kazi yake ilikuwa ya makaratasi tu hana silaha wala hakutani na wananchi, na kwamba hakuna aliyeonyesha kazi ya ofisi ilivurugika. Angekuwa ni msemaji wa ile ofisi, au angeyasema mbele ya umma, sidhani kama kura zingekaa vile. Halafu kumbuka hiyo ilikuwa ofisi ya serikali, ndo maana katiba ikaingia, ingekuwa kampuni binafsi kesi ingepita mlango mwingine.

Mlango wenyewe ndo huu, na ni wa muhimu sana kwa walio sekta binafsi: je, ulichosema kilikuwa lalamiko kuhusu kazi, na ulikuwa unaongea na wenzako au kwa niaba yao? Mwaka 2010 huko Buffalo, New York, mfanyakazi wa shirika la huduma za jamii alikerwa na mwenzao aliyekuwa anawasema kwamba hawahudumii wateja vya kutosha, siku ya mapumziko akaingia Facebook akawauliza wenzake wao wanaonaje, wanne wakachangia, wengine kwa maneno makali, na wote watano wakatimuliwa kwa madai ya kumnyanyasa yule mwenzao. Mwaka 2012 bodi ya mahusiano kazini ya taifa ikaamuru warudishwe kazini, kwa kuwa walikuwa wanajadiliana kuhusu utendaji wao na namna ya kujitetea, jambo linalolindwa na sheria yao ya mahusiano kazini ya 1935. Kwa hiyo kama uliuliza kuhusu ovataimu isiyolipwa, usalama wa mashine, au ulimsemea mwenzako aliyeonewa, usikubali hilo lifungashwe kwa jina la "utovu wa nidhamu". Andika kwenye utetezi wako wazi kabisa kwamba lilikuwa lalamiko la kazi. Mkataba 158 wenyewe unasema kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi au kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri kwenye mamlaka sio sababu halali ya kukuachisha.

Kuna maneno lakini ambayo siwezi kuyatetea na naomba tusiyachanganye na haya. Kumsema dada wa mapokezi kuhusu mwili wake kila akipita, kumtania mtu kabila lake au ulemavu wake mpaka anaogopa kuja kazini, kumtishia msimamizi kwamba utamsubiri nje, hayo sio maoni. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa 2019 unazitaka nchi zilizouridhia zizuie ukatili na unyanyasaji kazini, mpaka kwenye mawasiliano ya simu na intaneti yanayohusu kazi, na mwajiri anayenyamaza anakuwa anamwacha mwathirika peke yake. Aliyefanya hivyo bado ana haki ya kusikilizwa, ila asitegemee kwamba utaratibu utayasafisha maneno yake. Kila siku tunakutana na watu wanaosema "nilikuwa natania tu", na mimi swali langu kwao huwa ni moja, aliyetaniwa alikuwa anacheka?

Jambo linaloniuma zaidi ni ile barua ya kuacha kazi kwa hiari. Unaitwa ofisi ya HR, mlango unafungwa, unaambiwa "tunakuhurumia, andika mwenyewe umeacha ili usiharibu jina lako", kalamu hii hapa karatasi hii hapa. Ukisaini, kesi yako inageuka kabisa maana sasa mwajiri anasema hajakufukuza, na wewe ndo unabaki kuthibitisha kwamba ulilazimishwa. Inawezekana kuthibitisha lakini ni kupanda mlima na gunia mgongoni. Sema tu "naomba nikaisome nyumbani". Ukilazimika kusaini kwamba umepokea barua, andika pembeni ya saini maneno "nimepokea, sikubaliani", weka tarehe, piga picha.

Halafu muda. Watu wanakaa wanaombea bosi abadili mawazo, wanaambiwa subiri subiri, kumbe siku zinahesabiwa. Tanzania Bara lalamiko la kuachishwa kazi linatakiwa lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, ukichelewa unaanza kwanza kuomba kusamehewa ucheleweshaji na sababu iwe nzito. Kila nchi ina muda wake, ulizia siku ileile uliyopewa barua. Na ulizia pia mlango sahihi ni upi, kwa sababu Uingereza mfanyakazi wa shirika moja la nyumba alishushwa cheo na kukatwa mshahara asilimia 40 kwa alichoandika Facebook nje ya saa za kazi, mwaka 2012 akashinda Mahakama Kuu, jaji akakubali kabisa kwamba mwajiri alikosea, lakini fidia haikufika hata pauni 100. Alikuwa amedai kuvunjwa kwa mkataba tu na hesabu ikaishia kwenye kipindi cha notisi. Kwenye baraza la kazi, kwa dai la kuachishwa isivyo haki, hesabu ingekuwa nyingine.

Mwisho, hata kama ulikosea kweli na kufukuzwa kwako ni halali, mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako. Likizo ambayo hukuchukua na cheti cha utumishi, kwenye nchi nyingi, navyo unavidai. Tumeona watu wanaona aibu kurudi kudai kwa sababu walitoka kwa ugomvi. Andika barua, orodhesha unachodai, ipeleke, na baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.