Sanamu ya Vipande Vingi ya Kioo Moto: Maana Yake na Ugumu wa Kujifunza

Sanamu ya vipande vingi ya kioo moto ni umbo ambalo sehemu zake huundwa kila moja peke yake, kisha zikaungwa zingali na joto kali, bila gundi wala skrubu, hadi zikawa kitu kimoja. Kioo kinachozungumziwa hapa si kile cha kujitazamia, bali ni mali ghafi itokanayo na mchanga, magadi na chokaa, ambayo ikiyeyushwa tanurini huwa kama asali nzito. Sanamu ambazo vipande vyake hupozwa kwanza na kubandikwa baadaye hazimo katika aina hii.

Wala si kila sanamu ya kioo moto ina vipande vingi. Mafundi wa Murano, kisiwa cha Venice ambako tanuri za kioo zilihamishiwa kwa amri ya mwaka 1291, huweza kutoa farasi mzima katika bonge moja kwa kuvuta miguu, shingo na mkia kwa koleo kabla bonge halijagumu. Farasi huyo, pamoja na ustadi wote unaohitajika kumtoa, ni kipande kimoja.

Kinachomtatiza mwanafunzi si kufinyanga bawa au kichwa, bali ni kulitawala joto. Kioo huchotwa kikiwa na nyuzi zipatazo 1,100 za Selsiasi, na kikiwa hewani hugumu upesi, hivyo fundi hukirudisha motoni mara kwa mara. Sehemu iliyokamilika haiwezi kuachwa mezani ikisubiri nyingine, kwani itapasuka. Huwekwa katika tanuri dogo lenye nyuzi 500 na ushei, joto linaloizuia isipasuke bila kuilegeza. Kwa sababu hiyo kazi hupangwa kuanzia mwisho: atakayeunda ndege hutengeneza mabawa, miguu na mdomo kwanza, akavihifadhi, na kiwiliwili kinachovipokea huja baadaye.

Wakati wa kuunga, nyuso mbili zinazokutana hupigwa moto wa gesi hadi ziive na kung'aa, ilhali sehemu nyingine zote hubaki ngumu kiasi cha kutopoteza umbo. Moto ukizidi, bawa hulegea na kuning'inia. Ukipungua, kiungo hushika kwa juu juu tu. Ajabu ni kwamba kiungo dhaifu cha namna hiyo pia hufundishwa, tena kwa makusudi, kwa sababu sanamu yenyewe hushikiliwa kwenye ufito wa chuma kwa kiungo kinachotakiwa kukatika: tone la maji na pigo dogo hutosha kuiachia. Mwanafunzi basi hujifunza viungo viwili vyenye nia zinazopingana, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe.

Harvey Littleton, aliyeendesha warsha katika Toledo Museum of Art nchini Marekani mwaka 1962, alitaka kuonyesha kwamba msanii anaweza kufanya kazi ya kioo katika karakana yake, nje ya kiwanda. Wazo hilo lilienea, lakini sanamu za vipande vingi hazimruhusu mtu kuwa peke yake: mmoja huzungusha ufito, mwingine huleta kipande, mwingine huelekeza moto wa gesi. Anayeanza huwekwa upande wa kusaidia, akiwakinga wenzake na joto na kufungua milango ya tanuri, na huko huuona mpangilio wa kazi kabla hajaukabidhiwa.

Baada ya kuungwa, sanamu huingizwa katika tanuri la kupozea lenye nyuzi kati ya 480 na 510 hivi, ikashushwa joto polepole. Muda huamuliwa na sehemu nene kuliko zote, na unene ukiongezeka maradufu, muda huongezeka takriban mara nne. Ndiyo maana ndege mwenye kiwiliwili kinene na miguu kama sindano huhitaji uangalifu mkubwa. Vioo vyote vilivyoungwa, pamoja na vya rangi, sharti vitanuke na kusinyaa kwa kiwango kimoja. Visipolingana, ufa unaweza kutokea wiki kadhaa baadaye, sanamu ikiwa imetulia rafuni na hakuna aliyeigusa.