Benki inajuaje lipi la kuanza nalo kwenye uendelevu?

Desemba 2009 umeme unaoletwa Unguja kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Wenye hoteli walichoma dizeli usiku na mchana, wauza samaki wakazima mafriji, wachomeleaji wakakaa barazani. Kwa sisi wa benki kulikuwa na funzo zito: mkopaji mwaminifu, mwenye hesabu safi, anaweza kushindwa kurejesha kwa jambo ambalo fomu ya mkopo haikumuuliza kabisa.

Mambo ya namna hiyo ndiyo tunayoyatafuta tunapozungumzia uendelevu, yaani jinsi fedha ya benki, watu na mazingira vinavyoathiriana. Kupanda mikoko ni jambo jema, na kubana umeme ofisini pia. Lakini moshi unaotoka kwenye matawi ya benki ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa biashara zinazoendeshwa kwa mikopo yake. Kwa hiyo pa kuanzia ni orodha ya mikopo: fedha za wenye amana zimelala wapi? Kiasi gani kiko kwenye hoteli za pwani, kiasi gani kwa wafanyabiashara wa Darajani, kwa wakulima wa karafuu, kwa wanaokatwa mshahara?

Kila fungu tunaliuliza maswali mawili. Bahari, mvua na joto vinaweza kuifanya nini fedha tuliyokopesha? Na fedha hiyo nayo inawafanya nini watu, bahari na ardhi? Viwango vya kimataifa vya kutoa taarifa za uendelevu, IFRS S1 na S2, vilivyotolewa Juni 2023, vinakazia swali la kwanza kwa sababu vinamlenga mwekezaji. Vile vya shirika la GRI (Global Reporting Initiative) vinakazia la pili. Benki Kuu ya Tanzania nayo mwaka 2022 ilitoa mwongozo kwa benki kuhusu hatari za kifedha zinazotokana na mabadiliko ya tabianchi. Mimi naona visiwani hapa maswali hayo hayatengani. Hoteli ikimwaga maji machafu baharini, inaharibu ufukwe uleule unaomleta mgeni, na mgeni ndiye anayelipa mkopo.

Majibu hayapatikani mezani peke yake. Tulipokwenda kukaa na akina mama wa mwani upande wa Jambiani, tulibeba dodoso refu, tukaishia kusikiliza. Bi mkubwa mmoja, huku anafunga mbegu kwenye kamba kwa tai-tai, vile vikamba vyembamba, bila hata kuangalia mikono yake, alitueleza kuwa yeye anahesabu bamvu, si tarehe. Shamba lake hulifikia maji yakitoka sana, siku chache za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mwani wake huchukua kama wiki sita kukomaa, halafu uanikwe, na mvua ikiunyeshea thamani inashuka. Sisi tulikuwa tunamdai kila tarehe 28.

Akaongeza kuwa kottoni, aina yenye bei nzuri, inakufa maji yakipata joto, na waliobaki nayo wanataka kuipeleka maji ya kina. Huko panahitajika ngalawa, na wengi wao hawajui kuogelea. Mkopo wa kamba na vijiti pekee hauwafikishi huko.

Tuliporudi, hilo lilipanda juu kwenye orodha ya vipaumbele. Yapo mengine yaliyopimwa kwa njia hiyo hiyo: ukubwa wa madhara, uwezekano wa kutokea, idadi ya watu yanaowagusa. Bodi inayapitisha machache tu, kwa sababu benki inayosema ina vipaumbele ishirini haijachagua kitu. Kila kimoja kinapewa mtu wa kukijibia, kipimo na muda.

Kutenda maana yake ni kubadilisha makaratasi ya kila siku. Marejesho ya mwani yakapangwa kufuata mavuno. Ombi la mkopo wa hoteli sasa linaulizwa maji machafu yanakwenda wapi na umeme ukikatika miezi mitatu itakuwaje, na ofisa anakwenda kutazama kwa macho yake. Mkulima wa karafuu Pemba hapimwi tena kwa msimu mmoja mkubwa, maana mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Tunatazama misimu kadhaa. Orodha yenyewe hufunguliwa upya kila mwaka.

Liko moja linaloniumiza. Pemba kuna mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya bahari, mengine hayalimiki tena. Kumkopesha mbegu mwenye bonde la chumvi ni kumwongezea deni. Pale panahitajika matuta, serikali, shehia na fedha ya muda mrefu isiyodai haraka. Tulipogawana kazi, mstari huo ulibaki bila mtu. Nimeandika jina langu.