Popo wa Nairobi: hofu zetu na yaliyo kweli

Popo wakiingia darini, iwe Kileleshwa au Umoja, ushauri wa majirani huwa ni ule ule: washa moshi, mwaga dawa, ita vijana wawaue. Hofu hiyo naielewa. Januari 1980 mtu aliyekuwa amezuru pango la Kitum, Mlima Elgon, alifia hospitalini hapa Nairobi kwa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaofanana na Ebola, na daktari aliyemhudumia akaambukizwa, ila alipona. Hatari ipo. Ninachokataa ni dawa tunayoitumia kuiondoa.

Dhana: Waue wote, ugonjwa utaisha

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mwaka 2007 wachimba madini waliugua Marburg katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, na watafiti wakavikuta virusi hivyo ndani ya popo wa matunda aina ya *Rousettus aegyptiacus* waliojaa humo. Baadaye popo hao waliangamizwa. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena katika mji wa Ibanda, jirani na mgodi huo. Watafiti waliporudi Kitaka walikuta popo wachache tu wamerejea, lakini walioambukizwa walikuwa asilimia 13.3, ilhali awali walikuwa asilimia 5.1.

Kwa nini iwe hivyo? Popo wengi wakubwa huwa wameshaambukizwa wakapona, na miili yao ina kinga. Ukiwaondoa, nafasi yao inachukuliwa na wageni na wadogo wasio na kinga, na virusi hupita kwao kwa wepesi. Kwa popo hawa, wanaobeba virusi zaidi ni wadogo wa takriban miezi sita, na misimu yao inajulikana. Mtu anayejua hivyo anaweza kuepuka pango kwa wakati wake bila kumuua hata mmoja.

Dhana: Popo ni popo tu

Kenya ina zaidi ya spishi 100 za popo, na hawabebi virusi vile vile. *Rousettus* wa Marburg hulala mapangoni na migodini. Wale wa chini ya mabati kwa kawaida ni wadogo, wanaokula wadudu, wa makundi mengine kabisa. Kati yao, katika vilima vya Taita, wamepatikana wenye virusi vya Bombali, ndugu wa Ebola, lakini hadi sasa haijulikani kuwa vimemfanya mtu yeyote augue.

Ndiyo maana kazi ya uainishaji, yaani kutambua kila kiumbe ni wa spishi gani, ambayo wengi huiona ya makabati ya makumbusho tu, ina uzito. Mtafiti humtoa popo wavuni, humpima mfupa wa mkono kwa kalipa (kifaa cha kupimia vitu vidogo), hutazama meno na masikio, kisha hukata kipande kidogo cha ngozi ya bawa kwa ajili ya DNA. Kwa njia hiyo, mwaka 2020 alitambuliwa *Pseudoromicia nyanza* wa magharibi mwa Kenya, aliyekuwa akihesabiwa kuwa spishi nyingine. Ukikosea jina la popo, umekosea pia jibu la nani anabeba nini.

Mengine, kwa ufupi

Popo si ndege wala si panya. Ni mamalia anayenyonyesha. Si kipofu: wa matunda wana macho makali. Wanywao damu ni spishi 3 tu, zote za Amerika. Kichaa cha mbwa nacho, karibu kila mara, mtu hukipata kwa mbwa. Hata hivyo, ukiumwa na popo osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dhana: Wa darini hawatoki bila sumu

Wanatoka wenyewe kila jioni kwenda kula. Fundi aangalie tundu wanalotumia, azibe mengine yote, kisha hilo la mwisho alifunge usiku wakiwa wameshatoka. Kama kuna watoto wasioruka bado, asubiri wakue, la sivyo watafia ndani na mama zao watazunguka nyumba wakitafuta pa kuingilia.