Je, Wajua kwa Nini Mguu Huwaka Moto Ilhali Kasoro Iko Mgongoni?

Katika vijiwe vya bodaboda vya Dar es Salaam, dereva akilalamika kuwa mguu mmoja unawaka moto kutoka takoni hadi kidole gumba, huambiwa mara moja kuwa pingili ya uti wa mgongo imetoka na akairudishe.

Pingili haijatoka. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani pete ngumu ya nyuzi yenye kiini laini kama ute, na pete hiyo ikichanika kiini husukumwa nyuma hadi kwenye mzizi wa mshipa wa fahamu, kama Mixter na Barr wa Boston walivyoeleza mwaka 1934. Hata mlio unaosikika tabibu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma viungo vya mgongo kwa mikono, anapousukuma mgongo kwa ghafla si wa mfupa kurudi mahali pake. Nyuso za kiungo zinapoachana, uwazi wa gesi hutokea ndani ya majimaji yake. Picha za MRI, yaani za kipimo cha sumaku, zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha hivyo, ingawa zilipigwa kwenye vidole vya mkono. Palmer, aliyeanzisha tiba hii Marekani mwaka 1895, aliamini kuwa pingili huhama na kubana mishipa ya fahamu, na imani hiyo imedumu kuliko ushahidi wake.

Mguu basi unaingiaje? Fikiria kengele ya geti ambayo waya wake umepita chini ya sakafu ya ukumbi. Waya ukibanwa pale ukumbini na kengele ikalia, mwenye nyumba atakwenda getini, kwa sababu waya ule haujawahi kumletea habari za mahali pengine. Ubongo nao, ukipokea ishara kutoka mzizi uliochokozwa kiunoni, huamini kuwa zimetoka mguuni.

Kwa hiyo tabibu makini huanza kwa kuufuatilia waya. Humlaza dereva chali na kuuinua mguu bila kukunja goti. Maumivu yakichoma kupita goti mguu ukiwa umeinuliwa kati ya nyuzi 30 na 70 hivi, mzizi hushukiwa. Kidole gumba kikishindwa kuinuka dhidi ya mkono wa tabibu, lawama huangukia mzizi wa L5, yaani wa tano wa kiunoni. Dereva asipoweza kusimama kwa ncha za vidole, lawama huangukia S1, mzizi unaofuata chini yake. Picha peke yake haitoshi, kwani diski zilizochomoza huonekana hata kwa watu wasioumwa kabisa. Ganzi sehemu za siri au mkojo kugoma kutoka ni dharura ya hospitali, na mgongo huo usiguswe.

Kuhusu tiba yenyewe, ushahidi kwamba kusukuma mgongo huponya maumivu ya mguu ni mwembamba, na ugumu mmoja ni kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu wenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa. Seli za kinga hukila kile kipande cha diski kilichochomoka, na ajabu ni kwamba vipande vikubwa ndivyo vinavyoelekea kunywea zaidi.