Mndimu wa Sebuleni: Geuza Jani Kabla ya Kupaka Chochote

Kuhusu mndimu wa chungu nasikia mengi yasiyo kweli. "Mafuta ya nazi yanalipatia jani afya." Hapa Mtwara nimeona mindimu ya chungu ikipakwa hadi inang'aa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mng'ao si afya. Jani la mndimu linapumua kwa vitundu vidogo mno, vingi viko upande wa chini. Mafuta yanaviziba, na vumbi la barabarani linanatia hapohapo. Kitambaa laini chenye maji kinatosha, huku kiganja kikilishika jani kwa chini lisikatike.

"Salfa ya mikorosho itautibu." Hii ndiyo inayonitia hofu, kwa kuwa huku kwetu salfa haikosekani kwa mkulima. Kwenye mkorosho inapambana na ubwiriunga, ambao ni ukungu. Mndimu wangu ulipoanza kunata na kuwa mweusi kama sufuria ya kuni, jirani aliniletea kikopo cha salfa. Nikageuza jani kwanza. Kandokando ya mshipa wa kati walijipanga wadudu wa kahawia, bapa, wametulia tuli kama magamba ya samaki. Hao hunyonya utomvu na kutoa majimaji matamu. Weusi ule ni ukungu unaoota juu ya utamu huo, na sisimizi wanaopanda shina hufuata utamu huohuo na kuwalinda wadudu. Salfa isingewamaliza. Tena joto likipita nyuzi 32 inaweza kuunguza majani, na vumbi lake ndani ya nyumba linawasha macho na kifua. Niliwakwangua kwa mswaki mkuukuu, nikafuta majani kwa maji ya sabuni kidogo, nikasuuza. Nilirudia kila wiki, maana vitoto vyao havionekani kirahisi.

"Jani la manjano lina kiu." Mara nyingi mizizi imezama majini. Chomeka kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, subiri. Majani machanga yakiwa manjano na mishipa ikabaki kijani, mti umekosa madini ya chuma. Udongo wa pwani wenye matumbawe una chokaa nyingi, nayo huzuia mizizi kuyapata. Badilisha udongo, changanya mboji.

"Vitone vinavyong'aa jani likielekezwa kwenye mwanga ni ugonjwa." Hapana, ni vifuko vya mafuta, humo ndimo inamotoka ile harufu ukilifikicha.

Na ukikuta kama kinyesi cha ndege juu ya jani changa, kiguse kwa kijiti. Kikichomoza pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, ni kiwavi; mama yake kipepeo aliingilia dirishani. Mtoe leo hii, kesho chipukizi litakuwa kijiti kitupu.