Je, wajua kwa nini kukanda kichwa hakufungui ulimi wa mtoto?

Wapo wanaosema mtoto asiyenyonya vizuri kwa sababu ulimi wake umefungwa akandwe kichwa. Kwanza, tazama chuchu mara tu mtoto anapoiachia. Mtoto anayenyonya vizuri huiacha ya duara, imerefuka kidogo tu. Mtoto ambaye ulimi wake umefungwa huiacha imebanwa, ncha imekaa mshazari kama kalamu ya mwanzi iliyochongwa, wakati mwingine na mstari mweupe katikati. Alama hiyo ina maana zaidi kuliko kuchungulia mdomoni, maana zipo ndimi zinazoonekana zimefungwa kabisa na wenyewe wananyonya bila shida.

Chini ya ulimi kila mtu ana utando unaoushikilia kwenye sakafu ya mdomo. Watoto wengine, wavulana zaidi ya wasichana, huzaliwa na utando mfupi, mnene, au ulioshika karibu mno na ncha. Akilia, ncha ya ulimi huingia ndani katikati na kufanya umbo la kopa.

Ili anyonye, ulimi lazima uvuke ufizi wa chini, ulikumbatie titi, kisha sehemu ya nyuma ishuke. Inaposhuka nafasi mdomoni huongezeka na maziwa huvutwa, sawasawa na dawa inavyopanda ukivuta mpini wa bomba la sindano. Ulimi uliofungwa hauvuki ufizi. Mvuto hukatika, na ndiyo ile sauti ya "ta, ta" inayosikika wakati wa kunyonya. Mtoto naye hutafuta njia nyingine: hutafuna chuchu kwa ufizi. Mama anapata vidonda, maziwa yanavuja pembeni mwa mdomo, mtoto anakaa titini saa nzima na bado analia njaa.

Hapa tutenganishe mambo. Utando huu si kimeo. Kimeo kinaning'inia nyuma kabisa kooni, hakihusiki na kunyonya, na kukikata kumeua watoto kwa damu na maambukizi. Anayesema "tukate kimeo ndipo anyonye" hajui anachokikata.

Sasa kichwa. Pwani yetu, kuanzia Tanga hadi Bagamoyo, mtoto mchanga hukandwa kwa mafuta ya nazi na kunyooshwa viungo, kwa hiyo wazo la mikono inayotibu si geni. Huko Marekani nako kuna mafunzo ya namna hiyo, yenye jina la kitaalamu: kairopraktiki. Tiba hii ya mikono ilianzishwa mwaka 1895 na Daniel David Palmer, mjini Davenport, na kazi yake kubwa ni uti wa mgongo. Wazo la kugusa fuvu lilitoka kwa tabibu wa osteopathi (tiba nyingine ya kukanda mifupa na misuli kwa mikono), William Garner Sutherland, aliyetazama mifupa ya fuvu inavyopachikana ikamkumbusha mashavu ya samaki, akaamini kwamba nayo hucheza kama inavyopumua. Baadaye wakairopraktiki waliingiza mbinu hizo katika kozi zao za nyongeza, baadhi yake za siku chache tu. Anayefunzwa huelekezwa kugusa kwa uzito mdogo sana: gramu 5 ndicho kipimo kinachotajwa mara nyingi.

Nadharia yenyewe ina mantiki ukiisikia mara ya kwanza. Mshipa wa fahamu unaoendesha ulimi hutoka kupitia tundu kwenye mfupa wa kisogo, na kwa mtoto mchanga mfupa huo bado ni vipande vinne. Basi wanasema: uzazi ukiwa mgumu, vipande hubanana, mshipa hubanwa, ulimi hukosa nguvu. Tatizo ni kwamba wataalamu wawili wakimgusa mtu mmoja hawakubaliani kuhusu "mdundo" wa fuvu wanaodai kuuhisi. Hata nadharia ingekuwa kweli, utando mfupi ungebaki mfupi. Ni nyama, si mfupa, na hakuna mguso wa kisogoni unaorefusha nyama ya mdomoni.

Mahali ambapo mikono ina kazi ya kweli ni shingoni. Mtoto aliyezaliwa na msuli wa shingo uliokaza hugeukia upande mmoja, hunyonya titi moja vizuri na la pili analikataa. Hilo ni la mtaalamu wa fiziotherapia: kunyoosha kwa upole, kubadilisha upande wa kulaza. Kuzungusha shingo kwa nguvu ni hatari. Kubonyeza utosi pia. Ukiuona utosi unadundadunda usishtuke, ni mapigo ya moyo. Ukibonyea huku mtoto amelegea, hapo ana upungufu wa maji.

Kabla ya kufikiria kukata utando kwa mkasi, rekebisha ukaaji. Mama aegemee mito, nusu kulala chali, mtoto alale kifudifudi juu ya kifua chake; uzito wa ulimi wenyewe huuvuta mbele. Kidevu kiguse titi, kichwa na mgongo viwe mstari mmoja, na sehemu nyeusi ya titi ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Wengi hapa hupona bila kukatwa.

Wakati huohuo mtoto ale. Kamua, mpe kwa kikombe kidogo akiwa ameketishwa, ukingo uguse mdomo wa chini, naye alambe mwenyewe, ukimimina atapaliwa. Mtoto wa wiki moja mwenye kilo 3 anahitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani 450, ambazo ukizigawa mara 8 ni kama 55 kila mara. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye nyuzi 25, na nyumba nyingi za Tanga mchana zina joto zaidi ya hapo, kwa hiyo usiyangojeze.

Kipimo kiko kwenye kadi ya kliniki: uzito wa kuzaliwa urudi ndani ya wiki mbili, kisha gramu 20 hadi 30 kwa siku. Nepi zenye mkojo ziwe 6 au zaidi kwa siku baada ya siku ya tano. Asiyeamka kunyonya, au aliyegeuka wa manjano hadi viganjani, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Tanga mjini, Bombo ndiyo ya rufaa ya mkoa.

Ikibidi kukata, kazi ni fupi. Mtoto hufungwa kwenye kanga, msaidizi anashika kichwa, ulimi unainuliwa, utando unakatwa kwa mkasi uliotakaswa wenye ncha butu, shashi inabanwa, mtoto anawekwa titini palepale. Kabla ya hapo daktari aulize kama amepewa vitamini K na kama ukoo una ugonjwa wa kutokwa damu. Kwa wembe nyumbani, hapana: chini ya ulimi kuna mishipa ya damu na mirija ya mate. Uchambuzi wa 2017 wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, wenye majaribio 5 na watoto 302, ulikuta maumivu ya mama hupungua kwa muda mfupi, lakini unyonyaji wenyewe haukuboreka kila mara. Siku zinazofuata utaona doa jeupe chini ya ulimi. Si usaha, ni kidonda kinachopona, usilisugue.